Darubini ya kwanza: lenzi au kioo?

SWALI: Mambo fundi. Nataka nijitengenezee darubini ya kuangalia mwezi na sayari, sijawahi kutengeneza hata moja. Jamaa mmoja ananiambia nitumie lenzi ndo rahisi, mwingine anasema kioo, tena nianze na cha upana wa milimita 300 kabisa nisije nikajuta baadae. Nishike lipi?

JIBU: Poa sana. Shika kioo, ila hicho cha 300 achana nacho kwa sasa, ni kizito na ukishamaliza utachoka hata kukitoa nje. Lenzi moja peke yake inakupa rangi rangi za zambarau pembeni ya kila kinachong'aa, kuziondoa unahitaji lenzi mbili za glasi za aina tofauti, yaani nyuso nne za kusugua mpaka zikae umbo, wakati kioo kina uso mmoja tu. Hizo rangi ndo zilimfanya Newton atengeneze darubini yake ya kioo mwaka 1668.

Mi ningeenda na kioo cha upana wa milimita 150 chenye fokasi ya milimita 1200, yaani umbali toka kwenye kioo mpaka pale picha inapokaza. Ukiweka lenzi ya jicho, ile unayochungulia, yenye fokasi ya milimita 25 unakuza mara 48, pete za Zohali unaziona, ndogo lakini zipo, na ya milimita 10 inakupeleka mara 120. Ukinunua kioo kilichosuguliwa tayari sio dhambi, hakuna atakayekuuliza.

Sasa stendi, hapa ndo wengi wanaharibu, hela yote wanamalizia kwenye kioo afu stendi wanaungaunga, ukigusa tu kurekebisha fokasi mwezi unacheza kama uko kwenye ndoo ya maji. Tengeneza ile ya John Dobson, jamaa wa Marekani aliyeeneza darubini za kujitengenezea: boksi la plywood linalozunguka juu ya ubao, bolti moja katikati, vipande vya Teflon (plastiki inayoteleza) chini, na bomba lililobeba kioo linapanda na kushuka kwa maduara mawili ya mbao pembeni. Lisukume kwa kidole kimoja, liende taratibu na libaki hapohapo ulipoliacha, likirukaruka rudi kwenye Teflon.

Alafu usitoboe bomba tundu la lenzi ya jicho kwa kuamini fokasi ya namba ya kwenye karatasi, kioo cha 1200 kinaweza kuwa 1180. Kielekeze kwenye mwezi (sio jua, utaunguza kitu au macho), sogeza kikaratasi mbele yake mpaka upate kamwezi kadogo kalikokaza, kama sentimita moja hivi, hapo ndo upime na futi toka kwenye kioo mpaka kwenye kikaratasi, hiyo ndo fokasi yako ya kweli.