Maua ya cheri Bonn: kwa nini picha za simu zinatoka giza

Mkuu, umeuliza kwa nini picha ulizopiga Heerstraße, mtaa wa miti ya cheri hapa Bonn, Ujerumani, zimetoka giza, wakati kwa macho mtaa mzima ulikuwa pinki tupu. Mimi naishi hapa Altstadt, yaani mji wa kale, na mwaka wangu wa kwanza zilinitoka hivyo hivyo.

Shida ni anga. Ukiinua simu juu, kamera inakuta mwanga mwingi nyuma ya matawi, inajibana isipokee mwanga mwingi, na maua yanageuka kijivu. Gusa ua lenyewe kwenye kioo, kisha pandisha mwanga kidogo kwa kidole. Ila dawa hasa ni kuitoa anga kwenye picha. Tafuta pembe ambayo nyuma ya maua kuna ukuta wa zile nyumba za zamani. Pinki ikikaa mbele ya ukuta wa krimu, utashangaa.

Halafu usisimame chini ya mti ukapiga kwa lenzi pana. Rudi hadi mwanzo wa mtaa, vuta picha karibu (zoom) mara mbili au tatu. Miti itasogeleana, matawi ya pande zote mbili yafunge juu kama paa. Hapo ndipo picha yenyewe ilipo.

Watu wengi husubiri jua, mimi nasubiri wingu. Cheri za Heerstraße ni aina ya Kanzan, ua moja lina petali nyingi zilizorundikana, na jua la mchana huzifanya bonge moja lisilo na umbo. Wingu jepesi linakuonyesha petali mojamoja. Toka mapema pia: katikati ya Aprili jua linachomoza kama saa 12 na nusu asubuhi, na ikifika saa 4 barabara imejaa watu. Ukiwahi kabla Heerstraße haijachanua, pita Breite Straße, kule huanza mapema kidogo.

Nakuomba jambo moja: usitikise matawi ili petali zidondoke. Watu wanafanya hivyo, na inaniuma. Na dirisha la mtu usilielekezee kamera. Jirani yangu wa chini hufunga mapazia mchana kutwa msimu huo.

Petali zitaanguka zenyewe. Mvua ikinyesha usiku mwishoni mwa msimu, nenda asubuhi, chuchumaa, shusha simu karibu iguse lami. Picha niliyoitundika sebuleni niliipiga hivyo.