Kudai vitabu si kupinga mtaala

Ndugu yangu, umesema walimu tunaolalamikia mtaala mpya ni wavivu tunaoogopa mabadiliko. Mimi nafundisha shule ya msingi upande wa Kibosho, juu ya Moshi, na hilo neno limeniuma.

Mtaala ulipoanza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, wengi wetu tuliufurahia. Mtoto ajifunze kwa kutenda, nani atakataa? Ila darasani kwangu kitabu kimoja kilizungushwa kwa watoto watano, na yule wa pembeni alikuwa anasoma maneno yakiwa yamepinduka juu chini. Picha nyingine nilizichora mwenyewe kwa makapeni kwenye mifuko ya saruji, usiku, baada ya kusahihisha. Mvivu hafanyi hivyo.

Na ukisema tuache kelele tupitie kwenye Chama cha Walimu Tanzania (CWT), kumbuka Julai 2012. CWT iliitisha mgomo wa nchi nzima, na siku chache tu baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikausimamisha. Ndiyo maana leo mwalimu anasema kwenye kikao cha wazazi, anasema kwa diwani, anasema hapa. Njia gani nyingine imebaki?

Wewe ni mzazi, basi njoo kikao cha shule ya mwanao, uombe kuona stoo ya vitabu. Hesabu mwenyewe, halafu turudi tuongee.