Kodi, moto na mnazi wa jirani

Safu iliyopita nilikosoa ulibertari, ile fikra inayotaka serikali ibaki na polisi, mahakama na jeshi tu, mengine yote yaachiwe soko. Barua zimekuja, nyingine kali. Nimechagua tano.

Robert Nozick, mwanafalsafa Mmarekani aliyetetea ulibertari, aliandika mwaka 1974 kwamba kodi ya mapato ni sawa na kazi ya shuruti. Alikosea wapi? (Morogoro)

Kwenye hesabu ya "changu". Mshahara wako umeupata ndani ya nchi yenye sarafu, barabara na hakimu wa kumbana mwajiri asiyelipa. Viondoe hivyo, halafu uniambie ungelipwa ngapi.

Lakini shamba nililonunua kwa jasho langu ni langu, au siyo? (Kilifi)

Ndugu yangu, na swali hili unaliuliza ukiwa Kilifi! Kwa Nozick, mali ni halali ikiwa ilipatikana kihalali tangu mwanzo, kisha ikahama kwa hiari. Haya, tazama pwani ya Kenya. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye madai ya ardhi ajitokeze ayathibitishe. Isiyodaiwa ikawa mali ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, wengi hawakuambulia hati. Wajukuu wao leo wanaitwa maskwota palepale walipozikwa babu zao. Mwenye hati akiuza nawe ukanunua, hiari ipo. Ule uhalali wa mwanzo ndio haupo. Nozick aliliona hilo, akasema dhuluma za kale zirekebishwe, ila zirekebishwe vipi hakufafanua.

Na bado sijagusa mnazi. Huko kwenu mti unaweza kuwa wa huyu na ardhi ikawa ya yule. Umiliki basi ni kanuni walizowekeana watu, haukushuka na mvua.

Huduma ya kulipia kwa hiari ina ubaya gani? (Arusha)

Mwaka 2010, katika kaunti ya Obion, jimbo la Tennessee, Marekani, zimamoto walisimama wakitazama nyumba ikiteketea kwa sababu ada ya mwaka, dola 75, haikulipwa. Walimwagia maji upande wa jirani aliyelipa. Walibertari hujitetea kwamba kikosi kile kilikuwa cha mji, si cha kampuni. Ni kweli. Ila mtego ni uleule: ukimzimia moto asiyelipa, mwakani nani atalipa?

Soko halijisahihishi lenyewe? (Nairobi)

Miaka ya 1920 risasi, yale madini yenye sumu, ilianza kutiwa kwenye petroli. Muuzaji akaridhika, dereva akaridhika. Mtoto wa kando ya barabara hakuulizwa, na sumu akaivuta yeye. Kwetu ilikoma mwishoni mwa 2005, tena kwa kupigwa marufuku.

Yaani hawana jema hata moja? (Mwanza)

Wanalo. Mama lishe akinyang'anywa masufuria na mgambo kwa kukosa kibali, mlibertari huwa wa kwanza kuuliza kibali hicho kinamlinda nani. Mimi nami nauliza.