Je, vitamini D itamkinga mwanangu na UTI?

SWALI: Daktari, salaam. Binti yangu ana miaka minne na nusu, na tangu mwaka jana ameambiwa mara tatu kwamba ana UTI, akapewa antibayotiki kila mara. Safari ya mwisho, akiwa bado anachemka homa, alipimwa pia damu na vitamini D ikaonekana kuwa 16. Nikaambiwa kwamba upungufu huo ndio unaomletea UTI, na kwamba ninunue vidonge vya yuniti 50,000 awe anameza kimoja kila wiki. Kinachonishangaza ni kwamba jua la Dar es Salaam halina uhaba, na mtoto anakula vizuri. Je, vidonge hivyo vitamaliza tatizo?
Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana, mama, kwa mahangaiko. Uhusiano ulioelezwa haukutungwa tu. Watafiti wa nchi mbalimbali waliolinganisha watoto wenye maambukizi ya njia ya mkojo (ndiyo UTI) na wasiokuwa nayo wamekuta mara nyingi kwamba wenye maambukizi wana vitamini D ya chini zaidi katika damu, na inajulikana pia ni kwa njia gani jambo hilo linaweza kutokea. Seli zilizotanda upande wa ndani wa kibofu hutengeneza protini ndogo inayoua bakteria, iitwayo kathelisidini, na vitamini D huzichochea seli hizo kuitengeneza. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Uswidi, walichapisha matokeo ya wanawake waliokoma hedhi ambao walitumia vitamini D kwa wiki 12. Vipande vya kibofu chao vilipoambukizwa bakteria wa E. coli maabara, vilitoa kathelisidini nyingi kuliko vile vilivyochukuliwa kabla ya kuanza vitamini. Ni kazi nzuri, lakini wale walikuwa watu wazima, na kilichopimwa ni protini, si idadi ya UTI zilizozuiwa.

Kwa hiyo sikubaliani na kauli kwamba upungufu “ndio unaoleta”. Mtoto anayeugua mara kwa mara hucheza nje kwa nadra na hula kwa shida, mambo ambayo yenyewe hushusha vitamini D. Zaidi ya hayo, kiwango kinachosomeka katika damu kinaweza kushuka kwa muda kutokana na mwili kupambana na maambukizi, na binti yako alitolewa damu homa ikiwa juu. Ile 16, kama ni nanogramu kwa mililita, wataalamu wa matege waliokubaliana vigezo vya kimataifa mwaka 2016 wangeiita kiwango kisichotosha, kwa maana upungufu wenyewe waliuweka chini ya 12, na kiwango cha kutosha juu ya 20. Ningerudia kipimo hicho mtoto akiwa mzima. Kuhusu jua, linasaidia pale tu linapoigusa ngozi. Mtoto anayeshinda darasani, kisha akarudi kukaa sebuleni mbele ya televisheni, anaweza kupungukiwa hata akiishi pwani, kwa kuwa vyakula vyenye vitamini D kwa wingi ni vichache, hasa samaki wenye mafuta kama vibua.

Swali ambalo ningelitanguliza ni hili: je, zile UTI tatu zilithibitishwa? Kwetu neno UTI limekuwa jepesi mno kutamkwa. Mtoto akiwa na homa na kipimo cha malaria kikiwa safi, mara nyingi jibu linalofuata ni UTI. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa bila kulazwa, ulikuta maambukizi ya njia ya mkojo kwa takriban asilimia 6, huku wengi wa watoto wote waliopimwa wakiwa na maambukizi ya njia ya hewa. Asilimia 6 si ndogo, lakini iko mbali na picha tunayoipata tukihesabu vyeti vya dawa.

Uthibitisho hutegemea jinsi mkojo ulivyochukuliwa. Kwa binti wa umri wake, sehemu za siri husafishwa kwa maji, anaachwa akojoe kidogo kwanza, kisha kopo safi la maabara linakinga mkojo wa katikati bila kugusa ngozi. Mkojo uliokingwa kwenye poti, au ule wa mfuko unaobandikwa kwa watoto wachanga, huchanganyika na bakteria wa ngozi na wa kinyesi. Kijiti cha kuchovya kwenye mkojo hutoa dalili tu: alama ya naitraiti, kemikali inayotengenezwa na bakteria, huhitaji mkojo uliokaa kibofuni saa kadhaa, hivyo mtoto anayekojoa kila mara anaweza kuonekana hana ugonjwa ilhali anao. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha mkojo, ambacho huchukua siku moja hadi mbili na, kikionyesha bakteria wa aina moja wanaofikia 100,000 kwa mililita, huonyesha pia dawa gani bado inawaua. Mkojo uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, ingawa mtoto mwenye hali mbaya asicheleweshewe dawa kwa kusubiri majibu.

Ikithibitika kwamba zote tatu zilikuwa UTI za kweli, mtoto anahitaji kupigwa altrasaundi ya figo na kibofu, na wewe unahitaji kuchunguza choo chake. Je, anapata choo kigumu, au anakaa siku tatu bila kwenda haja kubwa? Kinyesi kilichojaa hukikandamiza kibofu kisiishe mkojo, na mkojo unaobaki ndimo bakteria wanamozaliana. Muulize pia kama hukojoa shuleni; watoto wengi hujibana mchana kutwa kwa kuogopa choo kichafu au kisicho na mlango. Mfundishe kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma. Mambo haya hayauzwi duka la dawa, labda ndiyo maana hatuyasikii sana.

Vile vidonge vya yuniti 50,000 madaktari huvitumia kwa wiki chache, kwa upungufu uliothibitishwa na kwa ufuatiliaji. Usivinunue bila kuambiwa tarehe ya kuacha. Mahitaji ya kawaida ya mtoto wa umri wake ni yuniti 600 kwa siku. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu na mkojo, na matokeo yake ni kiu, kutapika, mawe ya figo na choo kigumu, yaani kilekile tunachojaribu kukiondoa. Kipimo cha marudio kikionyesha kwamba kiwango chake bado kiko chini, mpe dozi atakayopangiwa kwa ajili ya mifupa yake, na kama kibofu nacho kitafaidika, vema.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miezi minane na amewahi kulazwa kwa UTI. Kliniki amepewa matone ya vitamini A. Nimwongezee mengine ili isirudi?
Baba, Tanga

JIBU: Usimwongezee, ndugu yangu. Matone ya kliniki ni yuniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kila baada ya miezi sita kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano. Dozi ya ziada inaweza kumletea kutapika na shinikizo kichwani. Ni kweli kwamba majaribio kadhaa madogo yaliwapa vitamini A, pamoja na antibiotiki, watoto waliokuwa na maambukizi ya figo, na baadhi yakaona makovu machache zaidi kwenye figo, lakini hayo yalikuwa matibabu, si kinga. Kama hajatahiriwa, zungumza na daktari wake, kwa sababu katika mwaka wa kwanza wavulana wasiotahiriwa hupata UTI mara nyingi zaidi. Na akipata homa isiyo na mafua, kikohozi wala kuhara, mpeleke siku hiyohiyo, ueleze kwamba aliwahi kuugua UTI na uombe apimwe mkojo pamoja na malaria.