Maswali na majibu: naizi, Wabenzi na vipilefti

Swali: Babu yangu humwita kila mkubwa mwenye makuu "naizi". Neno hili limetoka wapi?

Jibu: Babu yako anatumia neno la miaka ya uhuru. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, na Kenya mwaka 1963, nafasi za juu serikalini zilizokuwa mikononi mwa Wazungu zilianza kukabidhiwa Waafrika, na mpango huo, kwa Kiingereza cha maofisini, uliitwa "Africanization". Wasemaji walilikata neno hilo refu wakabaki na mkia wake, naizesheni, na aliyepanda cheo kwa njia hiyo akaitwa naizi, na wenzake manaizi. Ninakuomba utazame kilichokatwa: ni Afrika yenyewe. Neno lililokusudiwa kutangaza kwamba kazi zimerudi kwa wenyewe lilipoteza Afrika yake, likabaki kumtaja mtu aliyerithi kiti cha Mzungu pamoja na maisha yake. Kufupisha maneno marefu ni desturi ya wasemaji wa kila siku, kwa hiyo sidai kwamba aliyeanza alilipima neno kwa makini kiasi hicho. Lakini maana iliyokuja kutulia, ya mtu aliyetajirika upesi akajitenga na wenzake, inalingana mno na mkato huo, nami huliona kuwa miongoni mwa maneno yenye akili nyingi zaidi tuliyonayo.

Swali: Je, "Wabenzi" ni utani wa aina hiyo hiyo?

Jibu: Ni ndugu yake, kwa kuwa nalo huwataja wakubwa waliotajirika, ingawa asili yake ni jina la gari la kifahari, Mercedes-Benz. Kichekesho kimo katika kiambishi wa-, kwa kuwa sikio lililozoea Wabena, Wazaramo na Wakamba husikia kabila jingine, lisilo na lugha wala nchi ya asili, linalotambulikana kwa gari tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967, tamko la siasa ya ujamaa la Tanzania lililowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, lilikabili jambo lile lile, yaani viongozi kujitajirisha, kwa lugha ya masharti.

Swali: Mwalimu alinisahihisha niliposema "vipilefti". Je, nilikosea?

Jibu: Hukukosea. Amri ya barabarani "keep left", yaani pita kushoto, ilipogeuka kuwa jina la mzunguko wenyewe wa barabara, silabi yake ya kwanza ilifanana na ki- ya umoja, na wingi ukajileta wenyewe, kama vile kitabu, neno lenye asili ya Kiarabu, lilivyozaa vitabu. "Mudguard", yaani kinga ya tope juu ya gurudumu, ilipita njia ya kinyume: mwanzo wake ulisikika kama ma- ya wingi, ndiyo maana madigadi yakiwa mawili, moja ni digadi. Maneno haya hayakukusudiwa kuchekesha. Sisi ndio tunaocheka tunapogundua asili yake, ilhali sarufi ilifanya kazi yake kwa utaratibu kamili.

Swali: Ninaweza kuyaandika katika insha ya shule?

Jibu: Kipilefti na digadi yaandike bila wasiwasi, kwa kuwa ni majina ya vitu. Naizi na Wabenzi yana hukumu ndani yake, kwa hiyo yaweke katika kinywa cha mhusika, au pale ambapo uko tayari kuitetea hukumu hiyo kwa hoja.