Ukienda Venice kwa treni, usiteremkie Mestre

Wanaoniuliza kuhusu Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, huanza na gondola, zile mashua nyembamba za kupiga kasia. Mimi huanza na stesheni. Ziko mbili: Venezia Mestre, iliyo bara, na Venezia Santa Lucia, iliyo kisiwani. Treni nyingi husimama Mestre kwanza. Mgeni akiliona neno Venezia kwenye kibao, haraka anashusha mizigo, kisha anajikuta kwenye mji wa kawaida wenye magari na foleni. Tulia kitini. Zimebaki dakika kumi hivi, na kwangu ndizo tamu kuliko safari nzima, maana treni inakata bahari juu ya daraja la mwaka 1846. Ukitoka tu Santa Lucia, Mfereji Mkuu, njia kuu ya maji ya mji, huo hapo, chini ya ngazi za stesheni.

Magari hayaingii ndani ya mji huu wa kisiwani, kwa hiyo fikiria begi kabla ya hoteli. Venice ina madaraja zaidi ya 400, mengi yana ngazi, na begi la magurudumu hapo ni la kubebwa tu. Beba la mgongoni. Mzigo ukiwa mzito, kuna chumba cha kuhifadhia mizigo stesheni, au panda vaporetto, boti ya abiria. Namba 1 hupita Mfereji Mkuu wote, polepole, ikisimama vituo vingi. Tiketi ya safari moja ni ghali mno. Kama utapanda mara kwa mara, nunua ya siku nzima.

Utashauriwa ulale Mestre kwa sababu ya bei. Bei kweli ni nafuu, lakini mimi ni bora nipunguze siku nilale kisiwani. Wageni wa kutwa wakishaondoka na treni za jioni, vichochoro vinabaki vya wenyeji, na saa moja asubuhi unaweza kusimama Uwanja wa San Marco bila kusukumana na mtu. Tangu 2024 wageni wa kutwa hutozwa ada ya kuingia, kuanzia euro 5, kwa siku maalumu za msimu. Ukilala hotelini, hata Mestre, hulipi, ila jiandikishe mtandaoni upate uthibitisho wa msamaha.

Aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar hatasumbuka na vichochoro vile. Kinachosumbua ni anwani: namba za nyumba hufuata mtaa mzima, si njia, hivyo unaweza kupewa "San Marco" na namba ya maelfu, basi. Muombe mwenye nyumba akutajie daraja au kanisa la karibu. Ramani ya simu nayo huchanganyikiwa kati ya kuta ndefu, fuata vibao ukutani vya "Per Rialto" (kwenda Daraja la Rialto) na "Per S. Marco" (kwenda Uwanja wa San Marco). Cha kurudi stesheni kimeandikwa "Ferrovia".

Siku ya kuondoka, angalia tiketi yako. Ya treni ya kasi ina saa na kiti chake. Ya karatasi ya treni ya mkoa lazima uigonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi anaweza kukupiga faini, hata kama umeilipia.