Kidenishi kwa aliyezoea ngeli

Miezi yangu ya kwanza Copenhagen nilikuwa nasafisha ofisi usiku, na kilichonitoa jasho ni ndoo. Msimamizi aliuliza iko wapi, nikajibu "spanden er i kælderen", iko ghala la chini. Alinielewa, ila akarudia taratibu: spanden *står* i kælderen. Ndoo imesimama.

Nitairudia hiyo ndoo. Kwanza jinsia ya nomino, maana ndiyo inayowatisha wageni wengi, na sisi haina haja ya kututisha. Kidenishi kina makundi mawili tu, en na et. Mtu aliyekua na KI-VI, LI-YA na U-I alalamike nini? Maneno mengi ni ya en: en nøgle, ufunguo. Ya et ni machache, na usitafute mantiki: mtoto ni et barn, meza ni et bord. Daftarini usiandike "bord" tupu, andika "et bord", kwa sababu kundi hilo linaburuta mengine. Ufunguo mkubwa ni en stor nøgle, meza kubwa ni et stort bord. Ukisahau hiyo t, Mdenishi anasikia kama wewe unavyosikia "kiti mkubwa".

Ukitaka kusema meza *ile* mnayoijua, en au et inahamia mwishoni: bordet, nøglen. Kwetu pia mwisho wa neno hubeba kazi, ndiyo maana tuna mezani.

Lakini hiyo -ni ndiyo iliyoniponza. Sisi tunaenda nyumbani na tuko nyumbani, neno lilelile. Wao wakienda ni hjem, wakiwepo ni hjemme. Nilimpigia mwenzangu wa kazini nikasema "jeg er hjem", akauliza: uko njiani au umeshafika? Ndivyo ilivyo kwa ud na ude (nje), ind na inde (ndani), op na oppe (juu). Ile e ya mwisho inakuambia mtu ametulia.

Sasa ndoo. Kila kitu kina mkao wake. Kitambaa kimelala (ligger), koti limening'inia (hænger), ufunguo umekaa mlangoni (sidder i døren). Kitabu mezani kinalala, rafuni kinasimama. Sahani nayo, bapa kama ilivyo, husimama mezani! Mimi niliibandika hiyo kwenye friji mpaka ikakaa kichwani.

Kwa majina ya mahali, miji na nchi huchukua i (ndani ya), visiwa vingi på (juu ya). Kwa hiyo mama yangu bor (anaishi) på Zanzibar, nami bor i København (Copenhagen). Ila mitaa ya mji uleule inagawanyika: på Nørrebro, lakini i Valby. Nilimuuliza jirani sababu. Alifikiri, akainua mabega, akaniuliza kwa nini sisi tunasema kiti na si mti.